Miguu Iliyokataa Kukaa

Sista Pelagia alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, ndivyo wenzake wa kazini walivyomtania: ugonjwa wa kuuliza. Hakuwa mtawa. Sista ni jina ambalo watu wa Tabora huwaita wauguzi wa kike, na yeye alikuwa mama wa watoto wawili, mkazi wa Ng'ambo, mwenye miaka arobaini na moja. Tangu utotoni kule Usoke, ambako baba yake alikuwa kibarua wa kukarabati reli, alikuwa na tabia ya kumfuata mtu mpaka jikoni ili amuulize jambo ambalo wengine walikwisha kulisahau. Kwa nini reli huimba kabla treni haijaonekana? Kwa nini shangazi halii msibani, ila hulia wiki mbili baadaye akiwa anachota maji? Alichapwa mara kadhaa kwa maswali ya namna hiyo. Tabia haikumtoka.

Chuo cha uuguzi kilipompeleka miezi miwili kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, wenzake aliopangwa nao waliona wamepewa adhabu. Muuguzi mkuu wa wodi ile aliwapa kanuni moja: mgonjwa wa skizofrenia akikuambia anasikia sauti, usizichimbe, utazichochea. Mpe dawa, mlishe, mwogeshe, basi. Pelagia aliishika kanuni hiyo siku nne. Siku ya tano alimkuta mzee mmoja akibishana na ukuta, akashindwa kujizuia.

"Babu, hao wanaokusumbua wanazungumza lugha gani?"

Mzee aligeuka kutoka ukutani. "Miaka tisa niko nao," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Watatu ni Wanyamwezi wenzangu. Mmoja Msukuma, na huyo ndiye mkorofi."

Tangu siku ile swali la lugha likawa swali lake la kwanza kwa kila mgonjwa. Alipoajiriwa kwenye kliniki moja ya afya ya akili mjini Tabora, alikuwa na daftari la kwake, mbali na mafaili ya kazi, ambamo hakuandika majina ila mambo aliyojifunza. Aliandika kwamba muuza vitambaa mmoja, Mhindi aliyezaliwa Tabora, alikemewa na sauti zake kwa Kigujarati na kuchekwa kwa Kiswahili. Aliandika kwamba mama mmoja wa Igunga alizisikia zikitoka upande wa kushoto tu, na kwamba mvua ikinyesha juu ya bati zilinyamaza. Aliandika pia kwamba katika miaka kumi na minne ya kazi, wagonjwa waliompiga walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wameogopa kuliko yeye.

Lakini kisa kilichombadilisha Pelagia hakikuhusu sauti. Kilihusu miguu ya Lugembe.

Lugembe alikuwa mkulima wa tumbaku, kijana wa miaka ishirini na tisa, kutoka kijiji kimoja kisicho mbali na Usoke, kando ya njia ya zamani iliyopitwa na misafara kwenda Ujiji. Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka ishirini na sita, msimu wa mavuno. Alikuwa akilala kwenye bani, lile banda la matofali wanamokaushia tumbaku kwa moto, akaanza kusikia majani yanamjadili. Yalijadili jinsi anavyotembea, anavyokula, anavyomtazama binti wa jirani. Baadaye akaamini kuwa moshi wa bani unapeleka mawazo yake kijiji kizima. Aliacha kula. Mama yake, Recheli, mjane na Mmoraviani wa kutopea, alimwombea, akampeleka kwa wazee wa kanisa, akampeleka kwa mganga, na mwishowe, baada ya miezi minane, akamleta Tabora.

Dawa zilimkubali. Kwa miaka miwili alichomwa sindano moja kila mwezi, akalima, akapata wazo la kujenga nyumba yake mwenyewe, akarudi kwenye kwaya alikokuwa akiimba besi. Pelagia alimpenda kwa namna alivyojibu maswali. Alikuwa akifikiri kwanza. Siku moja alimweleza kwamba akiimba besi, sauti hazimpati. "Ni kama zinatafuta mlango," alisema, "zinakuta koo langu limeshafunga."

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka juzi sindano aliyoizoea iliadimika. Kliniki ikapata nyingine ya jamii ileile, Lugembe akachomwa hiyo. Mwezi wa kwanza mama yake alikuja naye akiwa na uso uliokunjamana.

"Sista, mwanangu anatembea," alisema.

"Anatembea vipi, mama?"

"Anatembea tu. Alfajiri yuko njiani. Anakwenda mpaka mtoni, anarudi. Anakwenda, anarudi. Ukimwambia kaa ule, anakula amesimama."

Siku hiyo kulikuwa na wagonjwa sitini na mmoja na wauguzi wawili. Lugembe alikuwa amesimama mlangoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule kama mtu aliyebanwa na haja. Pelagia aliandika kwenye faili: Anahangaika. Dalili zimerudi? Daktari Sadiki, ambaye mafaili mengine yalikuwa yamemrundikania mezani, alisoma, akamtazama Lugembe mara moja, akaongeza dozi. Mwezi wa pili ikawa vilevile, na Pelagia akaandika neno lilelile. Mwezi wa tatu Recheli akaja peke yake.

"Amekataa sindano. Anasema bora afe. Na shemeji yangu Kasimiri ameshazungumza na mtu, Jumamosi watamfanyia dawa ya kienyeji. Anasema ni mizimu ya wapagazi."

"Ya nani?"

"Ya babu yao, baba wa babu yake Lugembe. Alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Safari ya mwisho hakurudi. Kasimiri anasema babu anaitafuta njia ya nyumbani, na ameichukua miguu ya mwanangu aitumie." Recheli alikunja kanga yake vizuri mabegani. "Mimi ni mtu wa kanisa, Sista. Lakini ungemwona anavyotembea, na wewe ungeuliza."

Alipoondoka, Pelagia alilichukua faili la Lugembe akalisoma tangu ukurasa wa kwanza. Kitu kilikuwa kinamkera, naye hakujua ni kipi. Alisoma mara mbili ndipo akakiona. Kurasa za miaka miwili zilikuwa zimejaa maneno ya Lugembe mwenyewe: amesema hivi, ameeleza vile. Miezi hii mitatu hapakuwa na neno lake hata moja. Palikuwa na neno la Pelagia tu, anahangaika, limeandikwa kwa mwandiko wake mara mbili. Yeye, mwenye ugonjwa wa kuuliza, hakuwa ameuliza.

Alhamisi aliomba ruhusa, akapanda basi la Urambo asubuhi.

Alimkuta Lugembe hata kabla hajafika kwao. Alikuwa katikati ya njia, shati limelowa jasho, anakuja kwa hatua ndefu za mtu aliyechelewa. Kandokando mashamba yalikuwa yamejaa watu wakichuma majani ya tumbaku ya chini, na hakuna aliyeinua kichwa kumtazama, walikuwa wameshamzoea.

"Shikamoo, Sista," alisema bila kusimama.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Naweza kwenda nawe?"

Alishangaa kidogo. "Utachoka."

"Nikichoka nitakwambia."

Wakatembea. Pelagia alivua viatu vyake vya kazini, akavishika mkononi. Walifika mtoni, wakageuka, wakarudi mpaka nyumbani kwao, wakageuka tena. Alikuwa amepanga maswali ya kuuliza, lakini kwa nusu saa ya kwanza hakuuliza lolote, alitazama tu. Aliona kwamba Lugembe hatazami nyuma kama mtu anayefuatwa. Hainami kusikiliza. Haongei peke yake. Macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyechoka mno, na miguu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Sauti zinasemaje siku hizi?" alimuuliza.

"Zimenyamaza. Tangu kabla ya Krismasi sijasikia hata moja."

Pelagia alisimama ghafla, kisha ikambidi akimbie kidogo amfikie. "Hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa ni nani anayekuambia utembee?"

Lugembe alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na wewe Sista unauliza kama baba mdogo Kasimiri. Hakuna anayeniambia. Mimi sitaki kutembea. Nataka kukaa kuliko kitu chochote duniani. Nikikaa, ni kama siafu wameingia ndani ya mifupa, hapa, kwenye mapaja, wanapanda. Nikisimama wanapungua. Nikitembea wanapungua zaidi. Nimeacha kwaya kwa sababu siwezi kusimama mahali pamoja mpaka wimbo uishe. Watu wa besi walikuwa wananicheka, wanasema nacheza ngoma kanisani."

"Ilianza lini? Fikiri vizuri."

Alifikiri, kama kawaida yake, mpaka walipopita bani la jirani. "Jumatano ya mazoezi ya kwaya. Nilichomwa sindano Alhamisi, Jumatano iliyofuata nikashindwa kukaa. Wiki mbili za mwanzo ni mbaya sana. Kuelekea mwisho wa mwezi napata nafuu, naweza kula nimekaa. Halafu nachomwa tena. Tangu mlipoongeza dozi, nafuu yenyewe haiji."

"Kwa nini hukutuambia?"

Hapo Lugembe alimtazama, na Pelagia akatamani asingeuliza.

"Nilidhani mnaniona," alisema. "Nilisimama mbele yenu natetemeka miguu. Nikasema, hawa wamesoma, watajua. Mkaongeza dawa."



"Neno lililofanya dawa iongezwe niliandika mimi," Pelagia alisema. "Nilikutazama nikaona ugonjwa. Sikukuuliza. Nisamehe, Lugembe."

Kijana aliendelea kutembea. Alisema, "Basi ni dawa?"

"Nadhani ni dawa. Ina maudhi yake, na hili ni mojawapo, nililisoma chuoni nikalijibia mtihani. Keti kwenye gogo hili dakika mbili nitazame, kisha tuendelee."

Aliketi. Pelagia alichuchumaa mbele yake na simu mkononi akihesabu muda. Kabla ya sekunde kumi visigino vilianza kupiga ardhi. Magoti yakafunguka, yakafunga, yakafunguka. Mikono ilishika mapaja kwa nguvu kana kwamba inayazuia yasiondoke, na dakika moja na nusu ilipofika Lugembe alikuwa ameinuka bila kujua kwamba ameinuka.

Nyumbani walimkuta Recheli na mzee Kasimiri barazani wakifunga majani ya tumbaku kwenye fito. Pelagia alipiga goti kidogo akawaamkia, akapewa kigoda na maji ya kunywa. Aliwaeleza alichokiona, polepole, bila maneno ya kitabuni. Recheli alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Kasimiri hakuacha kufunga majani.

"Binti yangu," alisema mzee, Pelagia alipomaliza, "wewe umetoka mjini leo, mimi habari za ukoo huu nazijua. Babu yetu alikuwa mpagazi. Hakuzikwa na mtu wake. Kijana anapita njia ileile aliyopita babu. Unataka niseme ni bahati tu?"

Pelagia hakutaka kumbishia. Ukweli ni kwamba alikuwa anataka kujua.

"Baba, hao wapagazi walitembeaje? Ulisimuliwa?"

Kasimiri aliinua macho. Hakulitarajia swali hilo. "Nilisimuliwa na baba yangu. Waliondoka kabla ya jua. Mzigo begani, ratili hamsini, sitini, zaidi. Wanaimba. Jua likiwa kali wanafika kambini, wanatua mizigo, wanapika, wananyoosha miguu, wanapiga soga."

"Kumbe walikuwa wanakaa."

"Wasipokaa si watakufa? Mpagazi anayejua kazi ni yule anayejua kupumzika. Hata babu mwenyewe, walisema, alikuwa akitua mzigo anasinzia papo hapo."

Maneno yalipomtoka, mikono yake ilisimama juu ya fito. Alimtazama mwana wa kaka yake, ambaye wakati wote huo alikuwa akienda kutoka kona ya nyumba mpaka zizini na kurudi.

"Huyu hakai," alisema kwa sauti ya chini, kama anajisemea.

"Hakai kabisa, shemeji," alisema Recheli. "Miezi mitatu sasa."

Mzee alifunga majani matatu zaidi kabla ya kusema tena. "Matambiko ya babu bado nitayafanya, maana yalipaswa kufanywa zamani, awepo mgonjwa asiwepo. Lakini kijana asiguswe. Mpelekeni huko mjini. Nawapa wiki tatu."

Sehemu ngumu ilikuwa mjini. Daktari Sadiki alikuwa mtu mzuri aliyezidiwa na kazi, na hakupenda kuambiwa na muuguzi jambo la dozi.

"Sista, mtu mwenye skizofrenia amekataa dawa na anatembea kutwa nzima, wewe unasema tupunguze?" aliuliza. "Sauti zikirudi akajidhuru, ataulizwa nani?"

"Tutaulizwa sote. Lakini daktari, kwa dozi hii ameshasema bora afe. Sikuombi uniamini mimi. Naomba umwambie akae."

Lugembe aliingia na mama yake. Daktari Sadiki aliweka kalamu chini, akamwomba aketi, akamwambia asimulie habari za msimu wa tumbaku. Lugembe alisimulia. Daktari hakuwa anasikiliza habari za tumbaku. Alikuwa ameinama anatazama chini ya meza. Zile dakika mbili Pelagia aliziona ndefu kuliko njia yote ya kwenda mtoni. Mwishowe daktari alijiinua, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Pole sana, kijana," alisema. "Hii ni dawa yetu. Inuka utembee, tutaongea unatembea."

Sindano ya mwezi huo hawakumchoma. Alirudishwa kwenye vidonge, kwa dozi ndogo, mpaka sindano ya zamani ipatikane, na akaongezewa kidonge kingine ambacho Recheli alikitilia shaka mara moja, maana jirani yake alikuwa akikimeza.

"Hiki si cha presha? Lugembe hana presha."

"Ni cha presha, mama, ila kinatuliza na miguu ya namna hii."

"Kwa nini?"

Pelagia alifungua kinywa kujibu, kisha akacheka. "Sijui vizuri. Nitasoma nikuambie."

Halikuwa jambo la siku moja. Sindano iliyokuwa imeshaingia mwilini ilichukua muda wake kuisha. Mwishoni mwa wiki ya pili Recheli alimpigia Pelagia simu kliniki. Alisema Lugembe ameketi barazani anafunga majani, amekaa tangu chai ya asubuhi, na yeye anaogopa kupita mbele yake asije akamshtua.

Wala halikuishia hapo kwa uzuri mtupu. Mwezi wa sita sauti mbili zilirudi, za chini, zikimnong'oneza kwa Kinyamwezi kila anapoingia kwenye bani. Daktari Sadiki alitaka kuongeza dozi. Safari hii walikaa wanne: daktari, muuguzi, mama na mgonjwa, na aliyezungumza zaidi ni mgonjwa. Alisema yuko tayari kuongezewa kidogo, kidogo sana, na siafu wakirudi atasema siku hiyohiyo. Alisema sauti mbili anaziweza, ataziimbia besi. Miguu ile ndiyo hataiweza tena. Daktari aliandika maneno hayo kwenye faili kama yalivyosemwa.

Pelagia, kwa upande wake, aliomba kiti. Kiti cha kawaida tu cha mbao, akakiweka kando ya mizani ya kupimia uzito. Kila mgonjwa wa kliniki aliketi hapo dakika mbili huku akiulizwa habari za nyumbani, na muuguzi akitazama miguu. Mwezi wa kwanza wa kiti hicho alipata watu wanne wenye miguu ya namna ile. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye mke wake alikuwa ameondoka kwa sababu mume halali, anazunguka chumba. Mwingine alikuwa msichana wa jirani na Kipalapala, aliyekuwa amefungiwa ndani ili asitoroke, kumbe hakuwa na pa kutorokea, alitaka kutembea tu. Pelagia alikwenda mwenyewe kuzungumza na wazazi wake, akarudi akaandika kurasa tatu kwenye daftari lake.

Mwezi wa kumi waliletwa wanafunzi wa uuguzi kumi na wawili kujifunza. Daktari Sadiki alimwomba Pelagia awafundishe juu ya skizofrenia. Alikubali, kisha akampigia simu Lugembe. Kijana alikuja na basi la asubuhi, peke yake, amevaa shati jeupe la kwaya. Aliketi mbele ya wanafunzi.

"Ulizeni," alisema Lugembe. "Mimi siumi."

Binti mmoja wa nyuma, mwenye sauti ndogo, aliinua mkono. "Kaka, samahani. Ulipokuwa unaamini kwamba moshi unapeleka mawazo yako... ulijuaje kwamba si kweli?"

Lugembe alifikiri. Wanafunzi walianza kutazamana, lakini Pelagia, aliyekuwa amesimama ukutani na daftari lake, aliwapa ishara wasubiri.

"Sikujua kwamba si kweli," alisema mwishowe. "Niliona tu kwamba mama yangu haogopi. Nikasema, kama mawazo yangu yote anayasikia na bado ananipikia, basi labda hayasikii. Nilianzia hapo."

Mikono mingine saba iliinuka kwa pamoja. Waliuliza mpaka saa saba mchana, basi la kurudi likampita, na Pelagia akampeleka kula ugali na samaki kwenye kibanda cha mama lishe nyuma ya kliniki, huku naye akiwa na maswali mawili aliyokuwa ameyaandika pembeni mwa ukurasa, akingoja kijana amalize kunawa mikono ili aulize.